Ilimu ya Kuitunza Ardhi: Mwongozo kwa Vijana wa Dzaleka na Biwi

Maneno haya yameandikwa kwa ajili yako wewe ukaaye kambini Dzaleka, wilayani Dowa, au uliyelelewa Biwi, Kawale na mitaa jirani ya Lilongwe, ambako Kiswahili cha Uvira, cha Bukavu na cha Bujumbura husikika madukani na kwa vinyozi, nawe umeazimia kuifanya hifadhi ya ardhi, misitu na maji kuwa amali yako ya maisha. Sikusudii kukushawishi, kwa kuwa mwenye azma hana haja ya kushawishiwa. Muradi wangu ni kukuonyesha njia ilivyo, na mahali ilipo na miiba, usije ukapoteza miaka kwa kubahatisha. Na rai yangu naitanguliza hapa, maana mengine yote yatoka humo: mwanafunzi wa fani hii aanze na bonde moja la maji alijualo kwa miguu yake, kisha ndipo aende chuoni. Nimewaona waliotanguliza chuo wakaliacha bonde, wakarudi na shahada njema, nao hawawezi kueleza kwa nini kisima cha jirani yao hukauka kila ifikapo Oktoba.

Tuchukue maji ya bomba la Biwi yawe somo la kwanza. Maji hayo yaanzia mbali, katika Msitu wa Hifadhi wa Dzalanyama, kusini magharibi ya jiji, juu ya vilima vilivyo mpakani mwa Malawi na Msumbiji, ambako mto Lilongwe una chemchemi zake. Kisha huteremka uwandani hadi kwenye mabwawa mawili yaitwayo Kamuzu, la kwanza lililojengwa mwaka 1966 na la pili mwaka 1989, na huko ndiko Bodi ya Maji ya Lilongwe huyachukua, ikayasafisha na kuyagawa mjini. Dzalanyama ni msitu wa miombo, yaani miti ya jamii ile ile ambayo mtu wa Katanga, wa Kigoma au wa Tabora ameizoea tangu utotoni, na kazi yake katika mambo ya maji ni hii: mvua inyeshapo, baina ya Novemba na Aprili, majani na takataka zilizotanda chini huvunja kishindo cha matone, mizizi na viumbe vya udongoni huyafungulia maji njia ya kuzama, na maji yaliyozama husafiri polepole chini ya ardhi hadi yatokeze mtoni miezi kadhaa baadaye, wakati ambapo mawingu yamekwisha kusahaulika. Lau miti ikiondolewa na moto ukapita kila mwaka, mvua ile ile hupiga udongo mtupu, udongo huziba vinyweleo vyake, na maji hukimbia juu juu yakichukua tope. Basi mto hufurika Februari na kunywea Oktoba, bwawa hupungukiwa nafasi kwa sababu ya matope, na gharama ya kuyasafisha maji huongezeka. Mvua haikupungua hata tone moja, ila imebadilishiwa mwendo. Ukilifahamu jambo hili barabara, umekwisha kulishika tawi kubwa la ilimu ya hifadhi, na vitabu utakavyovisoma baadaye vitakuongezea hesabu na majina.

Ukiisha kulijua hilo, uliza msitu waondoka kwa mkono wa nani. Wala usikimbilie kumlaani mchoma makaa, kama wafanyavyo wasemaji wengi wa majukwaani. Katika Malawi, zaidi ya kaya tisa katika kila kumi hupika kwa kuni au makaa, umeme ukiwa haujawafikia wengi, na hata waliofikiwa nao hawaumudu wala hawauamini kwa kupikia. Serikali imewahi kupeleka askari wa jeshi kuilinda Dzalanyama, na gunia la makaa halikuacha kuingia mjini, kwa sababu mnunuzi hakuhama: yumo Biwi, yumo Mchesi, na yumo kambini. Kwa hiyo zoezi lako liwe kulifuata gunia. Muulize muuzaji latoka wapi, limepita mikono mingapi, bei yake ikoje katika kiangazi na ikoje katika masika ambapo njia huharibika, na makaa ni ya mti gani. Kisha uliza mlaji hutumia kiasi gani kwa juma, na kama amewahi kuionja kazi ya chitetezo mbaula, lile jiko la udongo wa mfinyanzi lilalo kuni chache, lifinyangwalo na wanawake wa vijijini mahali pengi pa nchi hii. Mwanafunzi aliyeyaandika majibu ya watu thelathini juu ya mambo haya ana kitu cha kumwonyesha mwalimu wa chuo kikuu, na pengine kitu ambacho mwalimu mwenyewe hana.

Wewe ukaaye Dzaleka una somo lingine lililokuzunguka pande zote. Mahali hapo palikuwa gereza kabla ya kufanywa kambi mwaka 1994, pakakusudiwa watu wapatao elfu kumi, na leo pana zaidi ya elfu hamsini, Wakongo wakiwa wengi, pamoja na Warundi, Wanyarwanda na wengineo. Watu wengi kiasi hicho juu ya ardhi finyu ni darasa zima la ikolojia: matofali ya nyumba yamechimbwa papo hapo yakaacha mashimo, njia zilizokanyagwa zimekuwa mifereji, mifereji imekuwa makorongo, na kuni hutafutwa mbali zaidi kadiri miaka ipitavyo. Hayo usiyatazame kwa macho ya mlalamikaji. Yatazame kwa macho ya mpimaji. Na vifaa vya kupimia havikupasi kungoja msaada wa mtu, kwani vinne vya awali hutengenezwa kwa vitu vilivyo karibu.

Cha kwanza ni kipima mvua. Tafuta chombo chenye kuta zilizosimama wima, mdomo na kitako vikiwa sawa kwa upana, ukisimamishe mahali pa wazi mbali na paa na miti, na kila asubuhi kwa saa ile ile upime kina cha maji kwa rula ya milimita, uandike, umwage. Ni kazi ya dakika mbili, na ugumu wake ni kutokuikosa hata siku moja tangu mvua ya kwanza hadi ya mwisho.

Cha pili ni chupa ya kuujua udongo. Tia udongo mkavu uliopondwa kwa kiasi cha theluthi ya chupa angavu, jaza maji, ongeza sabuni ya unga kidogo, tikisa kwa nguvu, kisha iache mahali patulivu. Mchanga hutuama kwa muda wa dakika moja hivi, vumbi laini hufuata kwa saa chache, na mfinyanzi hukawia siku nzima au zaidi. Pima unene wa kila tabaka, nawe utajua mintarafu ya shamba lile mambo ambayo mwenyewe huyajua kwa jembe lake tu. Cha tatu ni mkebe uliotobolewa pande zote mbili: ushindilie ardhini kwa kina cha vidole vitatu, mimina maji ya kipimo maalumu, na uhesabu muda wa kuzama kwake, mara chini ya mwembe, mara njiani panapokanyagwa, mara katika shamba la mahindi. Tofauti utakayoiona baina ya mwembe na njia itakufunza juu ya mafuriko kuliko hotuba yoyote.

Cha nne nitakieleza kwa kirefu kidogo, kwa sababu ndicho kitakachokupatia heshima kwa wakulima. Ni fremu ya herufi A: fito mbili zenye urefu wa mita mbili hivi zikifungwa pamoja juu, miguu ikiachana kwa hatua moja kubwa, ufito wa tatu ukipita katikati kwa ulalo, na kamba yenye jiwe ikining'inia kutoka kileleni ipite mbele ya ufito huo. Kuisawazisha, simamisha miguu juu ya vigingi viwili, weka alama mahali kamba inapougusa ufito wa ulalo, kisha geuza fremu ili mguu wa kulia ukae pa wa kushoto na wa kushoto pa wa kulia, uweke alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo palipo usawa. Sasa unaweza kuvuka mteremko wowote, ukipiga kigingi kila mahali kamba ilalapo juu ya alama ya katikati, nawe utakuwa umechora mstari usiopanda wala kushuka, ambao juu yake mkulima huinua tuta na kupanda majani ya vetiva ili maji yasimame badala ya kukimbia. Matuta yaliyolimwa kufuata mteremko, kama yaonekanavyo hata leo mahali pengi pa Dowa na Lilongwe, ni mifereji ya kuuhamishia udongo mtoni. Tathmini iliyofanywa ya nchi nzima ilikadiria kwamba mwaka 2014 Malawi ilikuwa ikipoteza wastani wa tani 29 za udongo kwa hekta kwa mwaka. Na ajuaye kwamba maumbile huhitaji mamia ya miaka kuumba sentimita chache za udongo atauona uzito wa hesabu hiyo pasipo kuongezewa neno.

Hapa nitakuasa jambo ambalo vijana wetu wengi hulidharau: jifunze Kichewa, wala si kile cha sokoni cha kuulizia bei, bali cha kukaa na wazee kibarazani na kusikiliza. Maarifa ya ardhi hii yamehifadhiwa katika lugha hiyo. Mzee ndiye atakayekuonyesha dambo, lile bonde lenye majimaji, na dimba, ile bustani ilimwayo humo wakati wa kiangazi kwa unyevu uliobaki. Ndiye atakayekuambia kwamba mti wa msangu, ambao wataalamu huuita Faidherbia albida, huangusha majani yake wakati wa mvua, yaani kinyume cha miti mingine, hivi kwamba mahindi yaliyo chini yake hupata mwanga na mbolea kwa pamoja. Na ndiye atakayekukataza kuingia katika vichaka vya makaburini, ambavyo Wachewa huviheshimu na kuvihusisha na mambo ya Gule Wamkulu, ile ngoma yao ya vinyago. Vichaka hivyo aghalabu ndivyo mabaki ya mwisho ya msitu wa asili kijijini, hazina kubwa kwa mwenye kutafuta mbegu na majina ya miti; lakini usivisogelee ila kwa idhini ya mfumu, yaani mkuu wa kijiji, na wazee wake, na ukikataliwa, shukuru uondoke. Andika kila mti kwa majina matatu, la Kichewa, la Kiswahili kama unalijua, na la Kilatini. Kwa hilo la tatu, Bustani ya Mimea iliyoko Lilongwe, iliyo chini ya taasisi ya taifa ya mimea yenye makao yake Zomba, ina miti yenye vibao vya majina, na kutwa moja ya kutembea humo na daftari si kutwa iliyopotea. Kadhalika hifadhi ndogo ya jiji iliyo kando ya mto Lingadzi, panapokaa kituo cha wanyamapori cha Lilongwe, itakuonyesha hali ya ukingo wa mto ulioachiwa miti yake, ukailinganishe na kingo za mto Lilongwe pale sokoni.

Tuje kwenye vyuo. Mlango wa vyuo vikuu vya Malawi ni cheti cha kumaliza sekondari, MSCE, chenye krediti katika masomo sita, Kiingereza kikiwamo. Na kwa fani yetu, hisabati, biolojia, kemia au fizikia, jiografia na kilimo ndiyo masomo ya kuyakazania, hisabati kuliko yote, maana ndiyo iwaangushayo wengi na ndiyo itakiwayo katika kila hatua, tangu kuhesabu miche hadi kukadiria maji ya mto. Aliyekuja na Diplome d'Etat ya Kongo au cheti cha Burundi asikae nacho sandukuni akidhani kitasomeka chenyewe: akipeleke kitafsiriwe na kupimwa ulinganifu wake na mamlaka za elimu za Malawi mapema, mwaka mmoja kabla ya kuomba nafasi, kwa sababu karatasi hizo huchukua muda, na mwaka wa masomo haumngoji mtu.

Chuo kilicho karibu nawe na kikubwa katika mambo haya ni Chuo Kikuu cha Kilimo na Maliasili cha Lilongwe, kijulikanacho kwa jina la LUANAR, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 2011 juu ya msingi wa kile cha zamani cha Bunda, kusini ya jiji, na kujumuisha pia chuo cha maliasili, NRC, kilichokuwa kikijitegemea hapo awali. Humo hufundishwa misitu, usimamizi wa maliasili, sayansi ya mazingira, ardhi na maji, na uvuvi. Kaskazini, Chuo Kikuu cha Mzuzu kina idara ya misitu iliyojengewa sifa njema, na mashamba makubwa ya misonobari ya Viphya hayako mbali nacho; Zomba kuna Chuo Kikuu cha Malawi kwa apendaye biolojia na jiografia zenyewe, na huko huko ndiko iliko taasisi ya utafiti wa misitu. Na Dedza kuna Chuo cha Misitu na Wanyamapori cha Malawi, kitoacho cheti na stashahada. Watu wetu hukipita kwa sababu hakitoi shahada. Mimi nasema kwa insafu kwamba kijana apendaye buti na shoka kuliko meza atafaidika zaidi na stashahada ya pale kuliko na shahada ya mahali ambapo msitu huonekana katika picha. Unapochagua, usiulize jina la chuo lina fahari gani. Uliza wanafunzi hukaa porini majuma mangapi kwa mwaka, kama kuna kitalu cha miche na maabara ya udongo inayofanya kazi, na waliohitimu miaka mitatu iliyopita wako wapi leo.

Fedha na idhini ndivyo vikwazo vilivyobaki, na hapa yanipasa kusema waziwazi. Malawi iliporidhia Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 ilikataa kufungwa na baadhi ya vifungu vyake, vikiwamo vya ajira, elimu na uhuru wa kwenda. Mkimbizi hutakiwa kukaa kambini, na atokaye huhitaji kibali. Mwaka 2023 wengi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini, Biwi ikiwa miongoni mwa mitaa yao, walirudishwa Dzaleka, wengine wakiacha maduka na watoto wao wakiacha shule. Basi mwanafunzi asiye raia asitoke kwenda Bunda au Dedza akitegemea bahati: apate kwanza barua ya chuo, kisha kibali cha wakuu wa kambi, naye awe na nakala zake mfukoni kila siku ya masomo.

Kuhusu karo, kuna njia kadhaa zijulikanazo. Ufadhili wa DAFI, ulioanzishwa mwaka 1992 kwa fedha za serikali ya Ujerumani na kuendeshwa na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, huwalipia wakimbizi shahada katika vyuo vya nchi waliyomo, na Malawi imo. Mpango wa WUSC wa Kanada, ulioanza mwaka 1978, huwachukua vijana wachache kutoka Dzaleka wakasome na kukaa huko Kanada. Wajesuiti, kwa shirika lao la JRS, waliileta elimu ya juu ya njia ya intaneti hapo kambini tangu mwaka 2010, na wengi wameanzia hapo Kiingereza chao cha kitaaluma. Nafasi za njia hizi zote ni chache kuliko waombaji, kwa hiyo omba zote, kila mwaka, na barua yako ya maombi isimulie bonde lako na daftari lako badala ya kusimulia mateso yako. Mateso kila mwombaji anayo, vipimo vya mvua vya masika mawili hana mwingine. Wala usimpe mtu fedha akuandikie jina: huduma za shirika la wakimbizi hazilipiwi, na akuombaye chochote kwa jina lake ni mwizi, awe mgeni au awe ndugu yako.

Anayekosa chuo mwaka huu asikae kitako. Chitedze, magharibi ya jiji katika njia ya Mchinji, pana kituo cha taifa cha utafiti wa kilimo, na jirani na hapo pana shamba la kufundishia la Never Ending Food, ambako familia moja imeonyesha kwa miaka mingi jinsi kiwanja kidogo kiwezavyo kutoa chakula mwaka mzima pasipo kutegemea mahindi peke yake. Na Mchinji, Mmalawi Luwayo Biswick ameanzisha taasisi yake ya permakalcha, yaani kilimo kiigacho maumbile, ambamo wakulima hujifunza kwa kushika. Mwenye simu na kifurushi atapata bure masomo ya Shirika la Chakula na Kilimo, FAO, na mwenye kompyuta ataweka programu ya ramani ya QGIS isiyouzwa, akachukua picha za setilaiti za Landsat, zilizoanza kupigwa mwaka 1972, na za Sentinel-2, zilizoanza mwaka 2015 na zionyeshazo kila kipande cha ardhi cha mita kumi kwa kumi. Linganisha Dzalanyama ya zamani na ya sasa kwa macho yako. Hadhari moja tu: miombo hupukutisha majani wakati wa kiangazi, na mashamba hukauka, hivyo alinganishaye picha ya Februari na ya Septemba atadhani msitu umefyekwa wote ilhali umevua nguo kwa msimu. Linganisha mwezi na mwezi wake.

Sasa kazi ziko wapi? Serikali ina idara za misitu, za uhifadhi wa ardhi, za wanyamapori na za uvuvi, na Mamlaka ya Hifadhi ya Mazingira iliyotajwa katika sheria ya mwaka 2017, ambayo huidhinisha tathmini za athari kabla ya barabara, kiwanda au mgodi kujengwa. Tathmini hizo huwapa riziki washauri wengi, na ajuaye udongo na maji kwa vipimo hatakosa nafasi. Nchi imeahidi kurudisha uhai wa hekta milioni 4.5 za ardhi iliyochakaa, na ahadi hiyo imeleta miradi. Kimbunga Freddy cha Machi 2023, ambacho kiliporomosha milima ya Blantyre juu ya nyumba za watu, na nchini kote zaidi ya elfu wakafa au wasionekane tena, kimewafanya wenye fedha kuuliza habari za miteremko ambazo zamani hawakuziuliza. Liwonde, Majete na Nkhotakota husimamiwa na shirika la African Parks kwa ubia na serikali, nako huhitajika watu wa doria, wa jamii na wa takwimu.

Lakini raia na mkimbizi hawasimami mstari mmoja katika kuajiriwa. Kwa mkazi wa Dzaleka, kazi ya kwanza aghalabu huwa ya kujitolea katika mashirika ya kambini kwa posho ndogo, au ya kujitegemea: kitalu cha miche, mboji ya kuuza, majiko ya udongo. Usiione kuwa duni. Kitalu chenye daftari la hesabu ni cheti. Andika mbegu zilizotiwa, zilizoota, miche iliyouzwa, na, hili ndilo kubwa, miche iliyo hai baada ya viangazi viwili. Kwani katika nchi zetu zote kuna desturi ya kupanda miti mbele ya kamera, viongozi wakishika koleo, na mwaka wa pili hakuna arudiye kuhesabu. Mimi sihudhurii tena sherehe hizo. Shirika likikuita ukapande, uliza nani atamwagilia, mbuzi watazuiwaje, na hesabu itafanywa lini. Wakikosa jibu, bora uwashauri waiache miti iliyokatwa ichipue yenyewe kutoka visikini, wachague machipukizi mawili au matatu yenye nguvu na kuyapogoa mengine, kwani kisiki cha mwombo kina mizizi tayari na hakihitaji kumwagiliwa.

Na ilimu hii huhamishika, jambo ambalo kwa watu wetu si dogo. Aliyejifunza kusoma mteremko wa Dowa ataweza kuusoma wa Uvira, ambako mnamo Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika kutoka milimani ukabomoa nyumba na kuua makumi ya watu. Ataweza kuisoma milima ya Burundi, ambayo udongo wake huteremka kila masika hadi Ziwa Tanganyika. Virunga, iliyotengwa mwaka 1925, na Kahuzi-Biega, ya mwaka 1970, zinahitaji wataalamu wazaliwa, ingawa sitakuficha kwamba Virunga imekwisha kuzika askari wake wa hifadhi zaidi ya mia mbili, na apendaye kwenda huko aende akijua. Atakaye kusoma zaidi katika mazingira ya Kiswahili kuna Chuo cha Wanyamapori cha Mweka, chini ya Kilimanjaro, kilichofunguliwa mwaka 1963, na Chuo Kikuu cha Sokoine mjini Morogoro. Na kwa asomaye Kifaransa, ERAIFT ya Kinshasa hufundisha usimamizi wa misitu ya tropiki katika ngazi za juu tangu mwaka 1999.

Nanyi mliokwisha kuhitimu, mlio Bunda, Zomba, Kanada au kwingineko, nawaomba jambo moja: vitabu vya udongo na misitu mlivyomaliza kuvitumia, na mitihani ya zamani mliyoihifadhi, vitumeni Dzaleka kabla ya mwezi wa Novemba, pamoja na maelezo ya Kiswahili pembeni mwa kurasa mahali mlipopata shida, maana wapo vijana wa kidato cha tatu wanaovingoja.